Pikipiki ya Turbo na Sikio la Baba

Hata leo nikipita karibu na gereji na pua yangu ikanasa harufu ya petroli iliyochanganyika na sabuni ya kipande, narudi nyumbani kwetu West Indies, Eldoret, nikiwa na miaka kumi. Mama yuko kwenye karai anasugua grisi ukucha mmoja mmoja kabla ya kugusa unga wa ugali.

Mama alikuwa fundi wa pikipiki. Hakusomea. Gereji ilikuwa ya Baba, kibanda cha mabati mbele ya nyumba, na watu walitoka mpaka Kimumu na Munyaka kumletea pikipiki zilizowashinda wengine. Baba hakuwa na haraka. Aliinamisha kichwa, akafumba macho, akasikiliza injini kama watu walivyosikiliza taarifa ya habari. "Pikipiki haidanganyi," alipenda kusema. "Ni fundi ndiye hasikii."

Halafu asubuhi moja alianguka akifunga kamba za viatu. Aliporudi kutoka hospitali, upande wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi na maneno yamekwama mahali fulani kati ya kifua na ulimi. Mama, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimpokeza spana tu, alivaa koti la kazi la Baba, akakunja mikono ya koti mara tatu, akafungua kibanda. Majirani walisema mwanamke akipanda pikipiki mvua hukataa kunyesha. Mwaka huo ilinyesha mpaka mto Sosiani ukaingia mashambani.

Baba alikaa chumbani, uso umeelekea ukutani. Watu wa kanisa wakija kumwona, alijifunika blanketi. Uji alikunywa vijiko viwili, akafunga mdomo. Mimi, nasikitika kusema, nilikuwa namwogopa. Niliweka kikombe kwenye stuli nikatoka mbio.

Basi ndipo ikaja ile pikipiki. Mwenyewe alikuwa daktari wa mifugo, kijana mrefu mwenye aibu, aliyeinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa nyekundu, kubwa kama ndama, na ubavuni imeandikwa TURBO. Watoto wa mtaa mzima walikuja kuigusa, maziwa ya Nyayo wanayogawiwa shuleni bado yamewaganda midomoni. Mama alinieleza kwamba turbo ni kama feni ndogo inayozungushwa na moshi wa ekzosi, ikaisukumia injini hewa kwa nguvu, mpaka ikawa na pumzi nyingi kuliko sisi tunaoishi huku nyanda za juu.

"Inamisi," Daktari alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wa mtoto wake. "Nikienda polepole ni sawa kabisa. Nikipanda mlima tu, turbo ikianza kuvuma, inakohoa, inapiga baruti, inakufa. Mafundi watatu wameosha kabureta. Juzi imeniacha njiani, nikafika kwa mzee mmoja ndama ameshafia tumboni."

Mama aliifanyia kazi siku mbili. Siku ya tatu nilirudi kula chakula cha mchana nikamkuta ametoa plagi zote nne, zile zinazorusha cheche ya kuwasha petroli. Alikuwa akigonga ncha ya kila moja taratibu ili mwanya wake upungue, kisha akiupima kwa kibati chembamba. Akazirudisha, akanipakia nyuma, tukapanda kile kilima cha barabara ya kwetu. Turbo ilivuma, na injini haikukohoa hata mara moja. Nilipiga kelele kwa furaha.

Tuliporudi, Mama akazitoa tena plagi zote. Akaingiza bisibisi, akapanua kila mwanya kama ulivyokuwa mwanzo.

"Mama! Si imepona?"

"Haijapona. Na usimwambie mtu, Atieno. Hata Daktari."

Shuleni sikusikia neno la mwalimu. Niliamini mama yangu ameanza kuwa mwizi, anataka kumchelewesha mteja. Nilijiuliza kama inafaa kumwombea au kumshtaki kwa pasta.

Jioni jua likiwa bado kali, nilimsikia akiongea chumbani. "Baba Atieno, hii kitu imenishinda. Nimeosha kabureta, nimeangalia waya. Nikiiwasha hapa kibandani, haina ugonjwa. Lazima isikilizwe ikipanda mlima, na mimi nikiiendesha siwezi kusikiliza."

Baba alibaki ameelekea ukutani.

"Basi kesho nitamwambia Daktari aipeleke kwingine."

Kisha kitanda kikalia. Baba alikuwa anatafuta kiatu kwa mguu wake mzima.

Daktari alipopita jioni ile ile kuulizia pikipiki yake, yeye na Mama walimbeba Baba na kiti chake mpaka kando ya barabara, mbele ya majirani wote. Kichwa alikiinamisha kwa aibu. Lakini Daktari alipowasha na kuanza kupanda, kichwa kile kiligeuka kidogo, na akafumba macho. Pikipiki ikakohoa, ikapiga baruti. Baba akainua kidole: tena. Ikapanda mara ya pili, na ya tatu.

Akanitazama mimi, akaonyesha kwamba anataka kiberiti. Nilikimbia kuleta. Akaniashiria nimwashie njiti moja, akaishika kwa mkono wa kushoto. Akaipuliza polepole, moto ukacheza lakini haukuzimika. Akajaza kifua, akapuliza kwa nguvu, ukazimika. Akanyoosha kidole kuelekea pikipiki.

"Upepo," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza ambalo nilielewa tangu aanguke. "Upepo... mwingi."

Kisha akasogeza kidole gumba na cha shahada mpaka vikakaribia kugusana.

"Plagi!" nilipiga kelele. "Mama, anasema cheche inazimwa! Mwanya wa plagi ni mkubwa!"

Mama alishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Ai! Na mimi nimehangaika hapa siku tatu!"

Alizibana plagi pale pale, Baba akikagua kila moja. Daktari alipanda kilima bila kikohozi, akashuka anacheka, akamshika Baba mkono wa kushoto kwa mikono yake yote miwili. "Asante, Mzee." Usiku ule Baba alikula ugali, na kuanzia kesho yake kiti chake kilikaa kibandani. Kwa miaka kumi na mmoja yeye alisikiliza, Mama akafungua.

Siri ya zile plagi niliibeba miaka hiyo yote kama jiwe kwenye kiatu. Siku tuliyomzika Baba, Mama alisimama mbele ya watu akasimulia habari ya pikipiki iliyowashinda mafundi watatu na yeye mwenyewe, mpaka mume wake alipoipatia dawa akiwa amekaa kwenye kiti, na njiti ya kiberiti mkononi. Watu walicheka huku wakilia. Nilimtazama nikisubiri ayumbishe macho. Hakuyumbisha. Ndipo nikaelewa kwamba kwa lile lililo kubwa hakuwa anadanganya. Hakuna aliyemwambia Baba jibu. Alilipata kwa sikio lake mwenyewe. Mama alimwachia tu nafasi ya kulipata.