Mashine ya Karanga ya Mama Nabintu

Mwanangu, iko siku moja ambayo hata leo nikiikumbuka kifua kinapanuka. Nilikuwa kijana, mchomeleaji pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, chini ya shangazi yangu Mama Nabintu, fundi kutoka Bukavu. Yeye ndiye aliyebuni, kwa vyuma vya baiskeli kuukuu, mashine ya kumenya karanga, na wanawake wa sokoni waliizungusha mbele ya kila mpita njia.

Siku hiyo mfanyabiashara wa Lilongwe akaja kututisha. Ameiombea mashine yetu hataza, alisema, ile haki ya serikali inayomlinda mvumbuzi. Akishaipata, tusiitengeneze tena. Mkimbizi ashindane na nani?

Mama Nabintu akakaza kitenge. "Anataka kuiba akili yangu? Twende kulekule Lilongwe!"

Tulikwenda na wanawake wa sokoni, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Kwenye ofisi ya serikali inayotoa hataza, shangazi alisema, "Hii mashine, mi njo niliitengeneza. Bantu bote ba soko banaijua." Wanawake wakashuhudia, mmoja baada ya mwingine.

Afisa akawasikiliza, kisha akakata neno: kitu kilichokwisha kutumika hadharani si kipya, ombi la bwana yule limekataliwa. Vigelegele! Nikauliza, "Basi tuisajili sisi?"

"Hata ninyi hamuwezi. Sasa ni ya wote."

Nilinywea. Shangazi akaninong'oneza, "Na lile chekeche la kutenga maganda tulilounda juzi nyumbani, nani amesha kuliona?"

"Mi na we tu, shangazi."

"Basi funga kinywa mpaka tulisajili."

Tukalisajili, na hataza ikatoka kwa jina lake. Mimi nilitaka kuwanyima mafundi wote ruhusa ya kulitengeneza. Akanikemea: "Jina ikuwe yetu, lakini kazi ifanywe na bengi." Akapatana na wachomeleaji wa Mtandire na Chinsapo, mitaa ya Lilongwe, wakalitengeneza kwa ruhusa yake na kumpa fungu lake. Mmoja wa Chinsapo akaongeza pedali ya kuizungusha mashine kwa miguu, naye akaisajili yake. Hata Likuni, kando ya jiji, nzima ikamenya karanga kwa mashine zetu!

Mwanangu, usipoziba ufa utajenga ukuta: ukibuni kitu, kisajili kabla ya kukitangaza. Ukishapewa haki, usiikalie. Waruhusu wenzako kwa mapatano, wapate kazi, nao wabuni zaidi. Mungu aibariki akili yako, mikono yako ilishe wengi, na jina lako litajwe kwa shukrani. Amina.