Sahani Zilizokataa Kuota

Nimeingia maabara nyingi za shule, ila ya Mama Maabara ndiyo pekee iliyonifanya nitamani kuvua viatu mlangoni. Alianza kazi pale kama mfagizi. Miaka kumi na saba baadaye ndiye fundi wa maabara, na bado hawezi kupita karibu na meza bila kuipangusa.

Wiki ile alikuwa roho juu. Mwalimu Mkuu alitaka chumba kiwe stoo ya madawati.

"Nionyeshe wanachojifunza humu kwa vitendo," alimwambia. "Nakuja Alhamisi."

Jumatatu Mama Maabara alichemsha unga wa mwani kwenye supu ya nyama, akaumimina katika sahani ndogo zenye vifuniko, ukaganda kama jeli. Kila mwanafunzi akabonyeza kidole chake humo, akafunika. Sahani zikaingia kwenye boksi lenye taa, ili vijidudu vipate joto la kuzaliana.

Alhamisi boksi likafunguliwa mbele ya Mwalimu Mkuu. Sahani zilikuwa safi kama kioo.

"Mama, mbona naona jeli tu?"

Msichana wa dawati la mbele akanong'ona, darasa zima likasikia: "Si ulitunawisha mlangoni? Kwa sabuni? Mara mbili?"

"Na kucha ukatukagua!" akadakia mwenzake. "Umewaua wote, Mama!"

Mama Maabara alishika kichwa, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Mazoea yalikuwa yamemponza. Akachukua sahani mpya, akaichora mstari katikati, upande wa chini.

"Mwalimu Mkuu, lete gumba. Usinawe."

"Mimi? Mikono yangu misafi!"

"Tutaona, baba."

Upande mmoja alibonyeza kabla ya sabuni, wa pili baada ya sabuni. Wanafunzi nao wakafanya vivyo hivyo.

Jumatatu iliyofuata Mwalimu Mkuu alifika kabla ya kengele. Upande wa sabuni ulikuwa na vidoa viwili. Ule mwingine ulijaa vya njano na vyeupe, umbo la gumba lake likionekana wazi.

"Hawa wote wangu?"

"Wako mwenyewe. Usifunue, tazama kwa juu."

"Mbona hawana miguu?"

Darasa likaangua kicheko. Msichana wa mbele akamweleza kwamba kila kidoa ni mamilioni yao waliorundikana. Mwalimu Mkuu alisikiliza ameinama, miwani ikimteleza puani.

"Madawati yatafutiwe pengine," akasema hatimaye. "Mama, naomba nikawaonyeshe walimu ofisini."

"Sahani haitoki. Waite waje humu."

Akatoka mbio kuwaita.