Siku Nilipima Pawasaplai na Mizani ya Maharagi

Niseme mapema, kusudi mutu asichoke kutafuta: mu hii habari mujinga ni mimi. Hakuna mwingine. Hata ule muuzaji wa Mbarara mwenye alinidanganya, alinikuta tayari nimejileta mwenyewe, na mizani mu mukono.

Ilianza na kelele. Niko na kompyuta ya kizee mu chumba yetu hapa Misiera, mu kambi ya bakimbizi, ile ya kukaa ku meza, haiko ya kubeba. Batu bananiletea simu nibawekee nyimbo, na korali ya bamama ya kanisa yetu inakuja kurekodi kwangu. Shida ilikuwa ile kisanduku ya chuma ya nyuma, yenye inapokea umeme na kuigawa ndani ya kompyuta. Mafundi banaiita pawasaplai. Feni ya ile yangu ilikuwa inalia sawa mashini ya kusaga mihogo. Mutu moja alisikiliza wimbo, akaniuliza kama tulirekodia mu ndege. Nikamujibu ndiyo, tulikuwa tunakaribia mbinguni.

Batu balizoea. Halafu Yaya akapata safari. Namuita Yaya, maana dada mukubwa; haiko wa tumbo moja na mimi, ni jirani, lakini njo yeye anaanzisha nyimbo yote ku korali. Akinyamaza, bale bengine banaangaliana sawa kondoo benye mulango imebafungia inje. Jina yake ilitoka ku karatasi ya bakimbizi benye banahamishwa: siku ya ine ya ile wiki, asubui, anapanda basi, anaenda ng'ambo na batoto. Mama yake muzee haikuwa ku ile karatasi. Yeye anabaki.

Ule muzee alikuja kwetu na fimbo yake, akakaa.

"Mutoto wangu, nataka sauti ya binti yangu. Sitaki ya mashini yako. Ya mashini nitakuwa nayo kila siku, tunapakana."

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Basi nikaenda kwa fundi wa simu mwenye anakaa njia ya Base Camp.

"Kompyuta yako ni ya kizee," fundi akasema, "haiombe umeme mingi. Usifuate ya bei kubwa. Pawasaplai ya muzuri iko na uzito, juu ndani kuko shaba na chuma. Ya mubaya ni nyepesi sawa kopo. Na tena..."

"Nimeelewa."

"Haujaelewa, bado niko nasema."

"Fundi, mi masomo niliishia ku ya sita, lakini uzito naijua. Mama yangu anauzisha maharagi!"

Nikatoka mbio. Ile "na tena" yake nikaiacha ku mulango.

Ni kweli, mama yangu ananunua maharagi kwa balimaji ba Rugaaga, anauzisha hapa. Iko na mizani ya kutundika, yenye ndoano chini na mushale ya kuonyesha kilo. Nikaikopa sawa vile batoto banakopa sukari, mwenyewe akiwa amegeuka.

Siku ya kwanza, asubui, niko Mbarara mu duka ya bintu ya kompyuta. Pawasaplai zilikuwa zimepangwa sawa matofali. Muuzaji alikuwa na kalamu nyuma ya sikio. Nikatosha mizani yangu, nikaitundika ku musumari ya mulango yake.

"Ssebo, bwana yangu, hii nini?"

"Mizani."

"Mimi naona ni mizani. Lakini hapa hakuna nyama."

"Leta pawasaplai, mi nitapima."

Batu bakaanza kukusanyika. Mama moja mwenye alikuja kuchukua kompyuta yake yenye ilitengenezwa akasahau safari yake, akasimama kuangalia. Na mi, batu bakicheka, nasahau kichwa yangu. Natundika moja, nalalamika: "Hii imekonda!" Natundika ingine: "Hii haijaona majani tangu kiangazi!" Mama akajishika mbavu.

Muuzaji akaniangalia sana. Kiisha akaenda nyuma, akarudi na boksi ya kung'aa. Ndani, pawasaplai mupya na taa ya buluu.

"Kijana ya akili kama wewe, hii ndiyo yako."

Nikaitundika. Mushale ikaanguka chini kabisa. Batu bote: "Eeeh!" Pembeni kulikuwa moja ya vumbi, yenye ilitoshwa mu kompyuta ya ofisi, na feni kubwa sawa sahani. Bei yake nusu. Sikuitundika hata kidogo. Niliisukuma na kidole, sawa mutu anaondoa inzi ku chakula.

Nikarudi nyumbani, nikaifunga, nikawasha. Haikulia. Nilizunguka chumba sawa waziri.

Siku ya pili bamama bakakuja, tukatundika mablangeti ku madirisha na ku mulango. Muzee alikaa ku kona na fimbo yake. Yaya akaanzisha, bale bengine bakaingia, na sauti zao zilikuwa safi mpaka nikatamani kutubu. Wimbo ya kwanza ilienda yote. Ya pili, katikati, nikasikia harufu ya plastiki inaungua. Kompyuta ikafanya "pah!" na ikazima. Bamama balimaliza ubeti, juu wimbo ya Mungu haikatwe. Lakini hakuna kitu kilishikwa, hata ile ya kwanza, juu nilikuwa sijaihifadhi bado.

"Sauti iko wapi?" muzee akauliza.

Nikachomoa waya, nikatosha ile pawasaplai, ilikuwa bado moto. Siku moja tu ilibaki.

Mama yangu alileta kisu, tukafungua zile skrubu ine. Ndani kulikuwa waya kidogo, na pembeni yao, imebandikwa na gundi, tofali ya simenti. Ndogo, nzuri, imekatwa sawa sabuni.

Mama akaipima ku mukono. Kiisha akaangalia chini ya kitanda, fasi mizani yake ilikuwa inatosha ndoano inje.

"Na mizani yangu ilienda kufanya nini Mbarara?"

"Mama, ilienda kutembea."

"Sikiliza. Nikifika Rugaaga napima gunia, ndiyo. Lakini mbele ya kupima naingiza mukono mpaka ku bega, juu batu banaweka mawe chini. Weye uliingiza mukono?"

"Ilifungwa na skrubu."

"Na kinywa yako, nayo ilifungwa na skrubu? Si ungeuliza!"

Pale fundi akaingia. Mutu alimuita juu ya ile harufu. Alichukua tofali, akaigeuza-geuza.

"Na tena," akasema, sawa vile tuliachana dakika moja tu iliyopita, "uzito peke yake inadanganya, banaweka simenti. Omba bakufungulie. Na kelele inatoka ku feni: ndogo inakimbia, inalia. Kubwa inazunguka polepole, inanyamaza. Chukua ya kizee yenye ilitoka mu ofisi. Bei yake ni rahisi, na inapita hizi mupya za taa."

Akapima kompyuta yangu na pawasaplai yake ya kujaribia. Ikawaka. Haikuungua! Nilimukumbatia mpaka akanisukuma.

Siku ya tatu asubui nilikuwa Mbarara tena, simenti mu mufuko. Duka ilikuwa imejaa, na ule mama wa kompyuta alikuwa amerudi, yake ilizima tena. Nikaweka tofali ku meza ya muuzaji, polepole, sawa mutu anaweka sadaka.

"Ssebo, nimerudisha tofali yako. Ukipata zingine mia, unaanza msingi."

Duka yote ikacheka. Ule mama akaacha kucheka, akauliza: "Na hii yangu, uliniwekea nini ndani?"

"Kijana," muuzaji akasema na meno imefungwa, "punguza sauti."

"Sauti ndiyo imenileta, ssebo."

Hakubishana. Alichukua ile ya vumbi mwenyewe, akanipa, na ile bei yenye ilibaki akanirudishia. Lakini safari hii niliingiza mukono. Nilimufanya afungue skrubu zote, nikaangalia ndani na toshi ya simu, nikasukuma feni na kidole, ikazunguka bila kukwaruza. Nikaweka sikio.

"Sasa washa."

"Imewaka."

"Bongo! Unadanganya, sisikie kitu."

"Angalia feni."

Ilikuwa inazunguka, polepole, sawa mutu amekula akashiba.

Ile mchana, mbele batoto batoke ku masomo, tulirekodi nyimbo saba. Nilikuwa nahifadhi kila moja mbele bamama bapumue. Nilikaa chini karibu ya kompyuta, mukono ku kile kisanduku, nasikia inatetemeka kidogo sawa kifaranga mu kiganja. Ku wimbo ya ine nilikuwa na furaha mpaka nikasahau nafasi yangu.

Siku ya ine basi ikaenda. Muzee hakukaa barabarani. Alirudi mu nyumba na ka redio kake, nikamuwekea kadi ya nyimbo. Aliweka redio ku sikio, akafunga macho, akasikiliza Yaya anaanzisha. Nilingoja aseme kitu.

"Ongeza sauti," akasema. "Na toka mu mulango, unafunika mwangaza."

Niliongeza. Nilitembea mpaka kwetu mwepesi sana. Ungenitundika ku mizani ya mama, mushale haingesonga.

Kiisha wiki mbili Yaya akanitumia ujumbe ya sauti mu simu. Nilifungua mbele ya mama yangu na fundi, juu nilijua ni masifu:

"Mudogo wangu, nimesikiliza nyimbo zote zenye uliniwekea mu simu. Mashini haisikike hata kidogo, Mungu akubariki. Lakini ku wimbo ya ine kuko mutu nyuma yetu anaimba sawa mbuzi yenye imekanyagwa. Basi ile ya kunyamazisha kompyuta umepata. Rudi Mbarara, uliza kama bako na ya kunyamazisha weye."