Mwanya Niliouziba

Meno yangu ya mbele yaliota yameachana, kama ya mama yangu, na kama ya mama yake. Kwetu Bukavu mwanya ni uzuri, watu wanausifu hadi harusini. Kwangu ulikuwa zaidi ya uzuri. Tulipokimbia vita nikiwa mdogo, mkono wangu ulichomoka katika mkono wa mama ndani ya umati. Alinitafuta kwa kumuuliza kila aliyepita: "Hamukuona mutoto wa mwanya?" Mwanamke mmoja nisiyemjua akaniambia nicheke. Nikacheka, akaona, akanishika mkono mpaka kwa mama.

Sasa mtu na akili zake, anaishi Brussels, ana kazi ya ofisini, anakwenda kuuziba mwanya huo. Ndiyo, niliuziba. Nilichoka kuulizwa kazini kama nilianguka. Nilivaa nyaya za kubana meno karibu miaka miwili, na mama akanuna muda wote huo. "Bon, ni meno yako," alisema, mazungumzo yakaishia hapo.

Daktari wa meno, huko Ixelles, alipomaliza alibandika kijiwaya nyuma ya meno, akanipa na gouttière, kifuniko cha plastiki cha kuvaa usiku. Nikamuuliza nitakivaa mpaka lini. "À vie, madame." Maisha yote! Alisema meno hayatulii yanapopelekwa, na mwanya ndio mkaidi kuliko yote: ukiuachia kidogo tu, unarudi.

Haukupita muda mama akaanza kusahau. Kwanza sufuria motoni, kisha njia ya kanisani, kisha mimi. Tunakaa pamoja Evere, hapo hapo Brussels, karibu na kituo cha tramu. Jioni moja nilimkuta pale kituoni, kitenge na kandambili, baridi inakata, anawauliza Wabelgiji kwa Kiswahili: "Nimepoteza mutoto. Iko na mwanya hapa mbele. Hamukumuona?"

Nikamshika. "Maman, ni mimi."

Akanitazama mdomoni. "Wangu iko na mwanya." Akauchomoa mkono wake.

Mwenye macho haambiwi tazama, watu husema. Mama alikuwa na macho, alitazama, na hakuniona. Iliniuma hata kulia nikashindwa. Niliishia kumkaripia kwa ajili ya kandambili.

Nikarudi Ixelles. Daktari aliposikia nataka waya utoke, alivua miwani. "Kazi yote ile, madame?" Nikamwambia meno ni yangu. Akautoa, na kile kifuniko nikakitupa jaani. Kisha nikaanza kungoja. Kila asubuhi mbele ya kioo nilipitisha uzi kati ya yale meno mawili, nione kama yamelegea. Nilikuwa nimeambiwa yana haraka ya kurudi. Haraka gani? Sijaona kitu kivivu kama jino unalolisubiri. Na mama hakusubiri. Aliacha kula kwa mkono wake, akaacha kutembea, akawa mtu wa kitandani. Nilimkasirikia, Mungu anisamehe, kana kwamba tulikuwa na mapatano.

Mwanya ulirudi. Si wote, lakini uzi ulipita bila kugusa, na kazini wakaanza tena kuniuliza.

Jumapili moja, baada ya kumwogesha na kumpaka mafuta, niliinama mbele ya uso wake nikacheka, kama nilivyoambiwa nicheke siku ile ya vita. Mama alitazama. Akanyanyua kidole, akakiweka pale penye nafasi, akakiacha hapo. Nilikuwa na hakika.

"Mutoto wangu iko na mwanya sawa huu," alisema polepole. Kisha akaniita Maman, kama anavyomwita mwanamke yeyote asiyemjua. "Maman, kama unamuona mu njia, umushike mukono. Umuambie niko namungoya hapa."

Nikamwambia nitamwambia.