Tulipu za Jirani

Mzee wa nyumba ya pili alikata maua yake ya tulipu kila asubuhi kabla hayajafunguka, yale ya kiuno chembamba na petali zilizochongoka kama za yungiyungi. Kila shina aliliambia, "Pole, mama," kisha akalilaza kwenye gazeti lililoloa. Mwalimu, jirani yake, alizoea kumchungulia dirishani na kumcheka. Siku dada yake alipolazwa hospitali, mwalimu huyo alivuka uzio akang'oa tulipu saba, majani na yote, mbiombio kama mwizi, maana ndivyo alivyokuwa.

Jioni hodi ikabishwa. Mzee alisimama mlangoni na fungu la tulipu.

"Nimesikia dada yako anaumwa. Mpelekee na hizi, mwanangu. Ila siku nyingine niite. Ukiling'oa ua na majani, kitunguu chake kule chini, kile kinachoota mizizi, kinakosa chakula, na mwakani hakichanui."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Mwalimu alizipokea akitamani ardhi ipasuke immeze. Alitaka kuomba radhi.

"Shikamoo," ndiyo pekee iliyomtoka.

"Marahaba," mzee akaitikia, akarudi bustanini kufukia mashimo kwa vidole.