Zimwi Lililokwisha Kuchapishwa

Mpangaji wa chumba cha nyuma hutunga michezo ya mezani, ile ambayo watu wazima na ndevu zao hujifanya mashujaa wakapigana na mazimwi. Akitunga hunguruma peke yake, akatafuna kola ya shati mpaka ikaota nyuzi. Safari hii zimwi lake lilishachapishwa kwenye gazeti moja la michezo hiyo, naye akataka kulipeleka kwa mhariri wa gazeti jingine kana kwamba amelitunga leo.

“Kiporo hicho, baba,” mwenye nyumba alimwambia huku akikunja nguo na kuzipanga kwenye mkeka. “Mwambie kabla hajakinusa.”

Mpangaji akampigia mhariri simu, akakiri.

“Zimwi hilo nililisoma,” mhariri akacheka. “Ungenificha, ningekufungia mlango. Litungie pango jipya, ulete.”

Mpangaji akajibwaga chali mkekani, roho ikamtulia.

“Inuka! Umelalia nguo nilizopiga pasi!” mwenye nyumba akafoka.

Hakuinuka.