Mto Usiofika Baharini

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa wa Maji wa wilaya alinipa buti za mpira, daftari na penseli, akanipeleka mto Kathita, upande wa Kaaga. Majini palisimikwa ubao wenye alama za sentimita. Kazi yangu ilikuwa kutazama maji yamefika alama gani, asubuhi na jioni, na kuandika. Tuliitwa wasoma mto, na darasa langu la saba lilitosha.

"Muriuki," akaniambia, "usiandike unachodhani. Andika ulichoona. Siku usipofika, andika: sikufika."

Tulitumia penseli kwa sababu mvua huosha wino. Mke wangu Kagendo aliichonga kila asubuhi kwa kisu cha jikoni, akaitia mfukoni mwa koti langu kabla sijamaliza chai.

Afisa huyo ndiye aliyenifundisha kwamba Kathita huingia Tana, na Tana huingia baharini. Miaka kadhaa baadaye nikahamishiwa Kibirichia, kwenye mto mdogo uliopita kati ya mashamba ya viazi. Wakulima waliosha pampu za dawa humo humo. Povu jeupe lilipita mbele ya ubao wangu, nami nikaliandika kwenye safu ya maelezo.

Mwalimu wa shule jirani aliniomba nizungumze na darasa la tano. Nikawaambia watoto kwamba povu lile linasafiri hadi baharini, kwa kasa, yule kobe wa majini. Maswali yakaanza. Je, samaki wa huko hawasikii kiu, na maji yote ni chumvi? Nyangumi akipiga chafya, mashua inapona? Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona bahari, mimi nikiwemo, na nikawaambia hivyo.

Watoto walimpeleka kasa nyumbani. Wazazi wakahubiriwa juu ya sahani za githeri mpaka wakakubali kuchimba mashimo mbali na ukingo, wawe wanaoshea pampu huko. Shimo kubwa kuliko yote lilikuwa la baba yake Nkirote.

Nkirote mwenyewe alinijia mtoni na atlasi ya shule. "Mzee, nimefuata mto wetu kwa kidole. Hauendi Tana. Unateremka Isiolo, unaingia Ewaso Nyiro, halafu unaishia kwenye kinamasi."

Nikatazama. Kidole chake kilikuwa sahihi. Mimi nilikuwa nimesema nilichodhani.

Nikisema ukweli, mashimo yatafukiwa, povu litarudi. Jioni nilimweleza Kagendo. Akaweka mwiko chini. "Sasa utawaambia lini?" Kama nitawaambia au la, hakuuliza.

Niliwaambia kwenye mkutano wa wazazi, watoto wakiwa wamekaa nyuma.

"Kwa hivyo nimevunja mgongo kwa ajili ya kasa ambaye hayuko?" akauliza baba yake Nkirote. Watu wakacheka. Wengine wakasema shimo ni ardhi ya viazi, lifukiwe.

Nkirote akanyoosha mkono. "Na huko mto unakoishia, nani anakunywa?"

Nikajibu kwamba ni wafugaji, pamoja na ngamia na mbuzi wao.

Mchuuzi wa mifugo kutoka Ruiri, ambaye mtoto wake alisoma pale, akakohoa. "Mbuzi hao ndio ninaowaletea nyinyi kila Krismasi."

Baba yake Nkirote akavaa kofia yake. "Haya, shimo langu libaki. Lakini huyo kasa, Muriuki, siku moja utanionyesha."

Wengine walimfuata, si wote. Povu lilipungua. Niliandika hivyo, na siku lilipoonekana niliandika pia, hadi nilipostaafu.

Kagendo alitaka sana nikishastaafu twende tukatie miguu kwenye maji ya chumvi. Hatukuwahi. Mwaka jana nilimzika.

Nkirote sasa ni mwalimu. Desemba anapeleka darasa lake Pwani, na amenialika. Baba yake, fimbo mkononi, amesema hawezi kubaki, anamfuata kasa wake. Watoto wameshanitumia maswali, nami nimeyaandika yote katika daftari jipya. Mbele ya kila moja nimeweka neno lile la kazini: sikufika. Nimeacha nafasi chini yake.

Penseli nimeichonga mwenyewe, kwa kisu kile cha jikoni. Haijatoka vizuri, lakini inaandika.